Mjusi Aliyebaki Hewani

Ile mashine ya gemu ilikaa siku tisa juu ya kabati la nguo, nyuma ya begi la safari, kabla sijaamua lolote. Aliyeileta ni kaka yangu. Mwanangu alikuwa ametimiza miaka minne wiki ile, na mjomba mtu akaja usiku, mtoto ameshalala, akanisukumia boksi pale pale mlangoni.

"Dada, usianze," alisema kabla sijafungua mdomo. "Sisi tulicheza, na mbona tumekuwa watu?"

Tulicheza kweli. Tulikuwa na Game Boy moja kwa watu wawili, mashine ya gemu ya kushika mkononi, ile ya kijivu iliyotoka mwaka 1989, tuliyorithi kwa binamu yetu wakati wenzetu walishahamia kwenye za rangi. Ilikula betri nne kwa mkupuo. Pembeni mwa kioo kulikuwa na kitaa chekundu, na betri zikianza kuchoka kile kitaa kinafifia polepole. Hapo tunatazamana, maana tunajua yanayokuja. Hakuna mzazi aliyewahi kutupigia kelele "inatosha sasa", kwa kuwa kitaa kilishasema, na betri haibembelezwi. Ila kaka yangu anasahau jambo moja: yeye alikuwa na miaka tisa na mimi saba. Tulikuwa tunasoma na kuandika. Tulikuwa tunajua kugombana na kupatana wenyewe.

Kwenye boksi mlikuwa na Switch Lite, ile ndogo ya kushika tu mkononi isiyounganishwa na televisheni, na kadi moja ya Mario Kart 8 Deluxe, gemu ya mbio za magari. Nikiri mapema: niliitamani. Niliitamani kwanza kwa ajili yangu, na pili kwa sababu jioni zangu zilikuwa hazina hata dakika kumi za kukaa kimya. Mtu akikuambia alimfikiria mtoto peke yake wakati anaamua mambo kama haya, mtazame vizuri usoni. Baba yake mtoto alinitazama hivyo hivyo. "Sasa hapo," aliniuliza, "unaamua kwa niaba ya nani?" Nikamjibu kwamba bado nasoma.

Na kweli nilisoma. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano: mwenye miaka mitatu au minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua hapo ni bora zaidi, alale saa 10 hadi 13, na mwili wake uchangamke kwa dakika 180 zilizotawanywa kutwa nzima. Haya, saa moja nimeielewa. Nikageuza kiboksi cha gemu, nikaona alama ya umri: 3. Nikafurahi kwa muda, mpaka nilipojua kwamba namba ile inazungumzia kilichomo tu, yaani hamna vitisho, damu wala matusi. Haisemi kabisa kama mtoto wa miaka mitatu ataweza kuicheza. Kwa alama hiyo hata bao la sataranji lingepata 3.

Siku ya tisa, Jumamosi asubuhi, niliishusha.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuitia ile kadi mdomoni. Kadi yenyewe haizidi stempu ya barua kwa ukubwa, na mimi nilikuwa nimeinama natafuta chaja. Nikasikia "Aaagh!" Nilipogeuka, ulimi uko nje, macho yamejaa machozi, kadi iko sakafuni. Watengenezaji huzipaka kadi hizi kitu kichungu makusudi ili watoto wasizimeze. Nilikuwa nimeshalisoma hilo, lakini kulisoma ni kimoja. Nilisubiri aende kusukutua, nikailamba ncha kidogo nijue mwanangu kapatwa na nini. Uchungu ule ulinikaa kooni hadi mchana. Hakuirudia tena.

Kisha mikono. Mashine ina gramu 275, ambazo kwangu mimi si kitu, lakini yeye alilazimika kuiegemeza tumboni. Kidole gumba kilifika kwenye kijiti cha kuongozea na kuishia hapo. Vile vitufe vya juu mabegani hakuvifikia kabisa. Baada ya dakika chache aliiweka sakafuni, akalala kifudifudi, akawa anabonyeza kwa kidole cha shahada, kitufe kimoja kimoja, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango wa watu asiowajua. Na kila maandishi yakitokea: "Mama, inasema nini?" Nasoma. "Mama, na hii?" Nasoma. Zile dakika zangu kumi za kimya nilizozipigia hesabu zilikufa hapo hapo. Mtoto asiyejua kusoma akipewa mashine hii, amepewa yeye pamoja na mtu wa kumsomea.

Akachagua dereva. Alimtaka yule wa kijani, Yoshi, akamwita Mjusi. Sikumsahihisha.

Gemu ile ina msaada wa usukani, na unakuja ukiwa umeshawashwa: gari likikaribia ukingo linajirudisha lenyewe barabarani. Upo na mwingine wa mwendo, ukiuwasha gari linakwenda bila kubonyeza chochote. Wa kwanza niliuacha, na huu wa pili nikauwasha nikidhani ninamsaidia. Ikaenda vizuri mzunguko mmoja, anapiga kelele, anajipinda mwili mzima kwenye kona. Halafu akajikuna pua. Akatazama mkono wake uliokuwa puani, akatazama kioo. Gari lilikuwa linapiga kona.

"Mama, Mjusi anaendesha mwenyewe."

Sijui nilitarajia nini, labda acheke. Hakucheka. Aliisukuma mashine kwangu kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Nikaingia kwenye mpangilio, nikazima ule msaada wa usukani, nikamwachia ule wa mwendo peke yake. Wapo watakaosema mtoto wa umri ule aachiwe vyote asikate tamaa. Mimi nilimwona usoni alipogundua kwamba hakuwa anaendesha yeye, na sikutaka kuuona tena ule uso.

Sasa bila msaada, kwenye ile barabara ya upinde wa mvua inayoning'inia hewani, haikuchukua hata sekunde tano, Mjusi chini. Nikajiandaa kwa kilio. Lakini kwenye gemu ile ukidondoka huwa anakuja kiumbe mmoja amepanda wingu, ana ufito wa kuvulia samaki. Anashusha kamba, anakunasa na gari lako, anakurudisha barabarani taratibu. Mwanangu aliachama. Kamba ilipoachia, alishika kijiti kwa mikono miwili na kulipeleka gari moja kwa moja ukingoni. Makusudi. Akaokolewa. Akajitupa tena. Kuna wakati alicheka hadi akapaliwa. Mbio ziliisha akiwa wa 12 kati ya magari 12, na lile neno kubwa la kumaliza lilipotokea hata hakuuliza linasema nini.

Nilikaa naye mbio tatu nzima. Za tatu zilipoisha nikasema tunazima, akasema haya, akaenda kumwonyesha baba yake kwa kiti na mkanda wa bafuni jinsi Mjusi anavyovuliwa. Usiku ule nilimtumia kaka yangu ujumbe kwamba mpwa wake yuko tayari. Hata alama za mshangao niliweka.

Jumapili nikajifanya mjanja. Kuna programu ya wazazi inayoingizwa kwenye simu, unapanga dakika kwa siku, na ukitaka, dakika zikiisha mashine inasimamisha gemu yenyewe. Nilipanga 30. Nikamweka sebuleni, nikaenda kupiga pasi sare zake za chekechea chumba cha pili, mlango wazi, nikiwa na amani ya mtu aliyemaliza mtihani mapema. Nilisikia vicheko, kisha kimya, kisha kilio.

Nimelea mtoto yule tangu siku ya kwanza, vilio vyake navijua: kuna cha kunyimwa, cha usingizi, cha kuumia. Hiki sikuwa nimewahi kukisikia. Nilitoka mbio na pasi nimeisahau wima kwenye meza. Alikuwa amepiga magoti, mashine iko sakafuni mbele yake, anaipigapiga kioo kwa kiganja, taratibu, kama unavyompigapiga mtu aliyezimia.

Nikafikiri ni deko la kunyang'anywa. Nikatoa hotuba yangu: muda umeisha, kesho ipo, mtoto mzuri halii. Akalia zaidi. Nikaichukua mashine, nikaizima, nikairudisha juu ya kabati. Hapo ndipo alipojitupa chini kabisa. Iliendelea hadi wakati wa kuoga, ikaendelea ndani ya maji, ikapungua kuwa kwikwi kitandani. Baba yake alisimama mlangoni mikono kifuani, hakusema neno, na nilitamani aseme ili nipate wa kugombana naye.

Nilipozima taa nikasikia sauti ndogo.

"Mama. Bado anadondoka?"

"Nani?"

"Mjusi. Hajaja yule wa wingu."

Nikawasha taa tena. Kidogo kidogo nikaipata habari yote. Dakika 30 zilikuwa zimeisha wakati Mjusi yuko hewani, ameshaacha barabara, kamba haijashuka. Kioo kikaganda, yakatokea maandishi. Maandishi yale yalikuwa yanamwambia muda wake umekwisha, jambo la busara kabisa, ila kwa mtu anayesoma. Yeye alichoona ni kwamba mtu wake anaanguka na aliyezoea kumwokoa hakuja. Kisha akaja mama yake, akampandisha kabatini katika hali ile ile, akazima.

Nilijaribu kumweleza. Nikamwambia mashine ikizimwa mle ndani hakuna kinachoendelea, kila kitu kinasimama. Akafikiri. "Kwa hiyo amesimama hewani." Nikasema ndiyo, kwa maana ya kwamba... "Peke yake?" akauliza. Hapo nikaona maelezo yangu yanazidi kumchimbia Mjusi shimo. Nilimshika mkono mpaka akalala, na ilichukua muda mrefu kuliko dakika zozote nilizowahi kupanga kwenye simu.

Nilikaa jikoni nikirudia yote niliyosoma. Saa moja kwa siku: hakuizidi, hata nusu yake hakuizidi. Alama ya umri: anayo na mwaka mmoja wa ziada. Kushindwa: anashindwa huku anacheka, tena kuliko mimi. Kama ni kuacha anapoambiwa, Jumamosi aliacha. Kila kitu nilichokuwa nimepanga kumpima nacho alikifaulu. Lakini kwake mashine ile haikuwa na kuzima. Kilichomo mle kinaendelea kuishi, na ukikiacha vibaya umekiacha vibaya. Kwa hilo sikuona kwenye ile programu pa kubonyeza. Na nikakumbuka kitaa chetu chekundu, jinsi kilivyokuwa kinafifia na kutupa nafasi ya kumalizana na tulichokuwa nacho mkononi.

Mnamo saa sita kasoro nilipanda kwenye kiti nikaishusha. Ikanikatalia: muda wa leo umekwisha. Ule ukomo ni wa mashine nzima, haujali aliyeishika ni nani. Nikachukua simu nikajiruhusu. Gemu ikaendelea pale pale ilipokuwa imesimamishwa, na kweli Mjusi alikuwa hewani, anaelea. Sekunde moja au mbili, na wingu hilo, likashusha kamba. Sitasema nilihisi nini kwa mwanasesere wa kijani, ila pumzi niliishusha.

Asubuhi alikuja kitandani kwangu hajanawa.

"Ameokolewa?"

"Ameokolewa."

"Ulimwona wewe?"

"Nilimwona kwa macho yangu. Aliwekwa barabarani, akaenda zake."

Akatikisa kichwa, akaenda kutafuta viatu. Hakuiomba mashine siku ile, wala wiki ile. Alipoiomba nilimwambia itashuka akianza kusoma, na akaniuliza akijua herufi ngapi. Tulikubaliana zote.

Kaka yangu nilimpigia Jumatatu kumwambia kwamba ule ujumbe wa alama za mshangao aufute. Alicheka hadithi ya Mjusi hadi mwisho, kisha akanyamaza kidogo upande wa pili.

"Kwa hiyo nije kuichukua? Naweza kuirudisha, risiti ninayo."

"Thubutu," nikamwambia. Nilikuwa nimeanza kombe la pili la ile gemu na lilibakiza mbio moja.