Maghala Nyuma ya Ramesseum

Feri ya kuvuka Nile kutoka Luxor mjini hadi ng'ambo ya magharibi huchukua dakika chache tu. Nilikaa mbele, kando ya mzee aliyebeba kikapu cha nyanya, jua likiwa bado halijakolea. Ng'ambo hiyo, jua linakozama, ndiko Wamisri wa kale walikowazika wafalme wao. Mimi sikufuata makaburi. Nilitaka kuyaona maghala.

Yako nyuma ya Ramesseum, hekalu la Ramses II aliyetawala mwaka 1279 hadi 1213 KK. Watalii wengi huishia kwenye sanamu kubwa ya mfalme iliyoanguka na kuvunjika vipandevipande, kisha hurudi kwenye mabasi. Ukizidi kuzunguka unakuta safu za vyumba virefu vya matofali ya udongo, paa zake zimepinda mfano wa mtumbwi uliofudikizwa. Ni udongo mtupu, lakini baadhi ya paa zingali zimesimama baada ya miaka 3,200.

Nilikaa pale hadi adhuhuri. Babu yangu alikuwa karani wa bohari ya karafuu Pemba, na utotoni nilizoea kuketi mlangoni nikimtazama anavyopima na kuandika. Wizi haukumtisha sana. Kilichomnyima usingizi ni mkulima kuitilia shaka mizani yake, kwa sababu shaka hiyo ikishaingia hakuna daftari linaloiondoa. Mbele ya vyumba vile nilijiuliza: mkulima wa Nile, ambaye hakujua sarafu wala benki, alikubali vipi kutoa nafaka yake ikafungiwe katika ghala la watu asiowajua?

Jibu ninaloliamini ni kwamba kwake ghala lilikuwa la mungu. Makuhani walikuwa watunzaji tu. Miungu ndiyo iliyodhaniwa kuleta mafuriko ya kila mwaka yaliyotandaza tope jeusi mashambani, basi kuirudishia sehemu ya mavuno kulikuwa na maana. Imani hiyo ilikusanya chakula, na chakula hicho kikawalisha waandishi, waashi na wachongaji ambao hawakushika jembe. Hati ndefu ya zaidi ya mita 40, iliyoandikwa alipofariki Ramses III, mfalme wa baadaye, iliorodhesha mali za hekalu la mungu Amun: watu zaidi ya 86,000, mifugo zaidi ya 421,000, vyombo vya majini 83. Hiyo ilikuwa karibu dola ndani ya dola.

Alasiri nilikwenda Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochimba makaburi ya wafalme. Zimebaki kuta za mawe zinazofika kiunoni na kichochoro kimoja chembamba. Fundi wa kawaida alilipwa kwa mwezi magunia manne ya ngano na gunia moja na nusu la shayiri. Mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses III, yapata 1157 KK, posho haikuja. Mafundi waliacha kazi, wakatoka kijijini, wakaenda kuketi nyuma ya mahekalu. Baadaye wakaingia hadi ndani ya Ramesseum, penye yale maghala niliyoyaona asubuhi. Karani aliandika maneno yao, na hati hiyo sasa iko Turin, Italia: wameletwa na njaa na kiu, hawana nguo, hawana mafuta, hawana samaki wala mboga, mfalme apelekewe habari.

Wapo wanaosema dini ya kale ilikuwa hila ya kuwatumikisha maskini. Unyonyaji ulikuwepo, sikatai. Lakini wale mafundi wenye njaa hawakuikimbia nyumba ya mungu. Waliifuata na kuketi hapo, kama mtu anayekwenda kudai amana yake kwa aliyekabidhiwa. Nilipotoka kijijini nilikuwa na simanzi nisiyoitarajia, kwa watu waliokufa zamani hivyo.

Jioni nilivuka kurudi mjini, nikaswali magharibi katika msikiti wa Abu Haggag, uliojengwa karne ya 13 ndani ya hekalu la Luxor lenyewe. Kabla yake palikuwa na kanisa. Wakati msikiti unajengwa, hekalu lilikuwa limefukiwa na mchanga. Mchanga ulipokuja kuondolewa, mlango wa zamani ukabaki unaning'inia juu ukutani, mita kadhaa kutoka chini. Niliweka paji la uso sakafuni nikiwa nimezungukwa na mawe yaliyochongwa majina ya Amun.

Baada ya swala nilizungumza na mlinzi mmoja kwa Kiarabu changu cha chuoni. Akanihadithia maulidi ya sheikh Abu Haggag, ambaye msikiti una jina lake, kila Shaabani, mashua inapozungushwa barabarani katikati ya umati. Zamani, katika sikukuu ya Opet, makuhani walimbeba Amun mabegani ndani ya mashua, kutoka hekalu la Karnak hadi hapa, karibu kilomita tatu, na watu wakala mkate wa hekalu.

"Na siku ya maulidi, ewe haji," nikamuuliza, "chakula cha watu wote hao hutoka ghala gani?"

Akanitazama kwa mshangao. "Ghala? Hutoka majumbani. Kila nyumba na sinia lake."