Kumbukumbu ya mbegu za porini, Morogoro: Juni na Julai

14 Juni
Nimechelewa. Kile kipande cha barabara ya kupandia mlimani, nilikofunga vitambaa vyekundu kwenye marejea ya porini (mmea wa jamii ya kunde) tangu Mei, kimefyekwa chote. Siwalaumu sana, mfyekaji anaona majani tu. Nimeokota mashina mtaroni, ila mbegu zilikuwa laini, za kijani. Hizo hata ukizianika mwezi mzima zinasinyaa tu.

19 Juni
Nimepata mengine kando ya shamba la bibi mmoja, ng'ambo ya kijito. Kwa marejea kipimo ni sikio: tikisa tawi, likilia kama kayamba, vuna.

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu. Hayo unayapeleka wapi? Si yanaota yenyewe?"

Nikamwambia barabarani hayaoti tena. Akaniruhusu, nami nimeacha zaidi ya nusu kwenye shina.

Karibu theluthi ya maganda yana tundu dogo, safi kama la sindano nene. Ndani kuna kiwavi wa Utetheisa, nondo mweupe mwenye madoa mekundu na meusi. Anakula mbegu pamoja na sumu iliyomo ndani ya mbegu, na sumu hiyo ndiyo inayomkinga asiliwe. Nilikuwa nawaua; sasa nawarudisha kichakani, maana walianza wao.

3 Julai
Nimepepeta kwenye ungo, nikaanika kivulini siku kumi, si juani. Halafu bahasha za khaki ndani ya chupa yenye kifuniko cha kubana, chini nikaweka mchele niliokaanga mkavu na kuupoza, unyonye unyevu. Watunza mbegu wana kanuni yao ya mkato: ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, umri wake unakaribia kuongezeka maradufu. Ndiyo maana nahangaika na mchele kuliko na friji.

12 Julai
Jaribio: mbegu 20 za marejea kama zilivyo, 20 nimezikwaruza kwa msasa, zote juu ya tishu yenye maji. Siku ya sita zilizokwaruzwa zimeota 16, zile nyingine 3. Ganda ni gumu, maji hayapenyi.

27 Julai
Gloriosa, lile ua jekundu lenye petali zilizogeuka juu kama ndimi za moto, limepasua maganda. Mbegu ni nyekundu, zinapendeza kama pipi, na hapo ndipo hofu yangu: mmea mzima una sumu ya kolchisini, inaua. Nimevaa glavu, na chupa iko juu kabisa ya kabati, mbali na watoto.

Mwaka jana nilizipanda, nikasubiri wiki sita, nikamwaga trei nzima nyuma ya bafu. Masika yalipoanza, miche mitano ikachomoza palepale kwenye mchanga niliomwaga. Trei ya safari hii nimeiandika kwa wino usiofutika: ISIGUSWE MPAKA APRILI.