Mama alivyochagua Makole

Barua ya uhamisho wa kikazi kwenda Dodoma niliipata mwezi Mei 2019, muda mfupi tu baada ya Mji wa Serikali kule Mtumba kuzinduliwa Aprili. Haikunishtua kabisa. Habari za kuhamia Dodoma tumekua nazo, TANU, chama tawala cha wakati ule, ilishaamua tangu 1973, wazazi wetu wakaisikia mpaka wakaizoea, ila tangu siku ile ya Mashujaa, 25 Julai 2016, Rais Magufuli aliposimama palepale Dodoma akasema serikali inahama, na Waziri Mkuu akatangulia Septemba mwaka huohuo, pale ofisini kila mtu alijua safari hii ni kweli na kilichobaki ni zamu yako tu. Mimi kilichonikosesha usingizi ni kitu kingine. Ni mama.

Nyumbani Tabata, Dar es Salaam, tulikua watatu, mimi, mama na mwanangu wa kiume ambae mwaka ule alikua darasa la nne. Mama ana presha na magoti yanamsumbua, alikuja kukaa na mimi baada ya baba kufariki, na kwa miaka ile yote alikua ameshajijengea maisha yake pale mtaani, msikiti wake, kikoba chake, genge lake ambalo akikosa hela anakopa na jioni wanakuja kumjulia hali kama hajaonekana. Sasa unamwambiaje mtu wa umri ule kwamba tunaenda kuanza upya mji ambao hana hata ndugu?

Ofisini kila mtu alikua na mtaa wake anaousifia. Wengi walisema Kisasa, nyumba nzuri, watumishi kibao wako kule, barabara ya Dar ipo hapohapo, asubuhi unatoka tu unaelekea Mtumba bila kuingia mjini. Wengine Area C au Area D, mitaa ya zamani iliyopimwa vizuri tangu enzi za CDA, ile mamlaka ya kuustawisha mji mkuu, barabara pana, miti ipo, mjini karibu. Waliokua wanabana matumizi wakasema Nkuhungu. Na kuna wale wa Nzuguni na Ihumwa ambao hawataki kusikia habari ya kupanga, wao ni kiwanja tu, kiwanja, ukichelewa bei inapanda. Nilisikiliza wote nikaandika kwenye daftari, na kwakweli moyo wangu uliangukia Kisasa, kwa sababu nilikua naangalia njia ya kwenda kazini, Mtumba iko zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Dar na Kisasa iko upande huohuo.

Nikapanga niende mwenyewe wikiendi moja nitafute, nilipie, nirudi kufungasha. Mama akakataa. Akasema, "Mwanangu, hiyo nyumba ntakaa mimi. Wewe utakua unalala tu." Nikamwambia safari ni ndefu mama, kilomita mia nne na zaidi na hayo magoti, akasema magoti ni yake. Bas, dogo shule zilikua zimefungwa likizo ya Juni, tukamuacha kwa mdogo wangu, tukapanda basi alfajiri Ubungo.

Njiani alikua kimya, anaangalia nje tu, tulipopita Gairo akaanza kujifunika khanga ya pili, na kuanzia Kibaigwa kwenda mbele akawa anashangaa ardhi ilivyokauka na ni Juni tu, akauliza hapa mvua inanyesha lini, nikamwambia ni msimu mmoja tu mama, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo hamna kitu mpaka mwakani. Akasema "Kumbe." Hilo neno alilibeba, maana kesho yake ndio nikaona lilikua linafanya kazi gani kichwani kwake.

Tulilala gesti mjini, na kwa ile baridi ya Juni mtu wa Dar unaweza kudhani umeletwa mlimani, na kweli mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi dalali akaja na bajaji, kijana mchangamfu, akamuamkia mama vizuri, na maelewano yakawa ya kawaida, nyumba ikipatikana yeye anachukua kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi.

Tukaanza na Kisasa kwa sababu mimi ndio nilitaka hivyo. Nyumba ilikua nzuri sijui niseme nini, tailizi mpaka barazani, vyumba vitatu kimoja self, jiko lina makabati, ukuta mrefu na geti jeusi, kwa mwezi laki tano. Yani milioni tatu unatoa kwa mkupuo kabla hujanunua hata pazia. Nikawa naipiga hesabu kichwani na naona inawezekana nikiminya. Mama akaingia akatembea vyumba vyote, akaomba maji ya kunywa, mlinzi akampa kwenye kikombe, akayaonja, akasema haya maji ni mazuri. Alafu akatoka nje ya geti akasimama barabarani. Ilikua saa nne asubuhi. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, mageti tu. Hakuna mtoto, hakuna mtu anaepita na ndoo, hakuna mama aliyekaa nje anachambua mchicha, watu wote wameenda kazini. Akaenda kugonga geti la jirani, akaitikia binti wa kazi kutoka ndani bila kufungua, anasema wenyewe hawapo mpaka jioni. Mama akarudi akamuuliza dalali kwa upole kabisa, "Baba, mimi nikianguka humu ndani saa tano, nani atajua?"

Dalali akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Kwa sababu jibu tulikua nalo wote, atakaejua ni mimi, saa kumi na mbili jioni nikirudi.

Sisemi Kisasa ni mtaa mbaya, jamani. Nina wafanyakazi wenzangu wako pale wanaishi kwa amani na wala sioni kasoro, ila wao wote wanatoka asubuhi wanarudi jioni, na nyumba inayomfaa anaetoka si lazima imfae anaebaki. Hili hakuna hata mmoja aliyenieleza pale ofisini, kila mtu alinieleza habari ya foleni na kodi, na mimi pia sikuwauliza, tulikua tunaongea kama watu ambao hawana wazazi ndani.

Tukapanda bajaji tukakata mji mzima kwenda Nkuhungu, upande wa pili kabisa. Huko kuchangamfu, watoto wamejaa, maduka, mama ntilie, na nyumba tuliyoonyeshwa ilikua nusu ya bei ya ile ya kwanza. Nilimuona mama anafurahi, akawa anasalimia watu. Tukaingia, vyumba vipana, rangi mpya. Mama akainama kwa shida na yale magoti yake akawa anapapasa ukuta chini, rangi pale ilikua inabanduka, na ukiangalia vizuri kuna mstari unazunguka nyumba nzima kwa nje usawa wa magoti, chini ya mstari lipu imeliwa. Dalali akasema hiyo ni kwa sababu ya kufua pale nje. Mama hakubishana nae. Akaenda kwa dada mmoja alikua anauza vitumbua kwenye kona, akanunua viwili, akakaa kwenye kigoda, wakaongea, na yule dada akamwambia bila kuficha, hapa kwetu kwenye bonde wakati wa mvua za kifuku maji yanasimama, mwaka mwingine tunatoa vitu tunaweka juu ya meza, kule juu karibu na barabara hamna shida. Nyumba za kule juu siku ile hazikuwepo.

Hapo ndio nikaelewa lile "kumbe" la kwenye basi. Mtu anaetafuta nyumba Dodoma mwezi wa sita anaona vumbi tu na mifereji mikavu, hata korongo kubwa analidhania ni njia ya ng'ombe, kwa hiyo huwezi kuangalia maji, unaangalia alama ambazo maji yameacha. Mama hakusomea ujenzi, lakini amekulia Korogwe bondeni kwenye mafuriko, anajua maji yakishapita yanaandika wapi.

Area C tulipita haraka. Mtaa nimeupenda na mama kaupenda, kivuli kipo, ila nyumba iliyokua wazi ilikua ya uani, maji yanatoka kwa mgawo na chombo cha kuhifadhia hakipo, na mwenye nyumba kwenye simu akasema hataki mpangaji wa kuleta tenki kwake. Hapo hakuna mjadala. Mji huu unakunywa maji ya ardhini, visima vya Mzakwe upande wa Makutupora, hakuna mto wa mwaka mzima hapa jirani, sasa watu wamemiminika kwa wakati mmoja, lazima kuna siku bomba litakauka na usipokua na tenki unafanyaje na mgonjwa ndani. Nzuguni tulifika mchana upepo umeshika, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno, nyumba nyingi ndio zinaanza kujengwa, mama akaomba maji kwenye nyumba ya pili akaonja, ya kisima, akayarudisha kikombe kimejaa. Chumvi. Kwa mtu wa presha ile ni nyumba ambayo utanunua maji ya kunywa kila siku ya Mungu.

Jioni nimechoka, dalali amechoka, mimi narudi kwenye Kisasa kichwani, nafikiria labda nitafute binti wa kumkalia mama mchana. Tukasimama genge moja Makole mama anunue ndizi. Dalali wala hakua na nyumba yoyote Makole. Ila mama alipoona wanawake wamekaa kwenye mkeka, mmoja anachambua mlenda, na adhana ya alasiri ilikua imetoka kusikika hapohapo karibu, akauliza tu, "Hapa kwenu hamna anaepangisha?" Wakamuonyesha kwa kidole nyumba ya tatu.

Nyumba ya zamani, bati limeshika kutu, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikawa inang'aa, mwarobaini mkubwa uani. Mwenye nyumba ni mama wa Kigogo, mkubwa kwa mama miaka kadhaa, anakaa upande mmoja na upande wa pili vyumba vitatu vilikua wazi tangu mpangaji wake ahamie kwake. Akatupokea na salamu ya kwao, "Mbukwa!", mama akaitikia hivyohivyo bila kujua kama ndio jibu lake, wakacheka wote wawili wakashikana mikono na hawakuachiana mpaka wamekaa. Ndani ya nusu saa nilisikia habari za magoti ya pande zote mbili, dawa gani inasaidia na ipi inaumiza tumbo, uji wa uwele, watoto waliosoma na waliokataa shule, na kwamba Kituo cha Afya Makole mtu anafika kwa mguu, yule mama mwenyewe kliniki yake ya presha ni palepale. Mama akaomba maji. Akaletewa, akanywa yote.

Mimi nilikua nimesimama mlangoni naangalia dari. Nilikua naona vitu vyangu vya Tabata vitakavyobanana, naona hakuna tailizi, hakuna ukuta, na kwenda Mtumba nitatoka mapema kuliko wenzangu. Nikamuita mama pembeni nikamwambia tufikirie kwanza tusikimbilie. Akasema, "Fikiria mwanangu. Lakini umeona tangu asubuhi, hapa ndio mtu wa kwanza aliyeniuliza jina langu."

Nilifikiria kweli, nilizunguka mpaka nyuma ya nyumba, nikaangalia kuta chini, hakuna mstari, nikaangalia bomba, nikauliza luku ya umeme iko tofauti au tunachangia, ikawa yetu peke yetu. Niliporudi walikua wameshafika kwenye bei. Laki mbili na nusu. Miezi sita ikashuka mpaka mitatu kwa sababu mama alisema sisi tunanunua simtank la lita 1,000 na tukihama tunaliacha, mwenye nyumba akataka liwekwe kwenye kivuli cha mwarobaini maji yasichemke, mama akasema kwenye kivuli majani yataingia, wakabishana hapo muda mrefu kuliko walivyobishana kwenye hela, mwisho likapewa sehemu kati ya jiko na ukuta. Dalali hakuileta nyumba ile, ila alituzungusha siku nzima na bajaji yake na hakuwahi kumkunjia mama uso, kwa hiyo nikampa nusu ya udalali na hela ya mafuta, na yeye akatusaidia kupata fundi wa kutengeneza stendi ya tenki.

Kesho yake asubuhi tukarudi kuandikishana kabla ya basi. Mwenye nyumba alikua amemuita mjukuu wake mwenye mwandiko mzuri, akaweka karatasi mezani, akaniuliza jina la mpangaji nani, nikafungua mdomo nianze kutaja majina yangu yote matatu. Mama akawahi. Akataja lake. Mkataba ukaandikwa kwa jina lake, nikasaini chini kama shahidi, na hela nikahesabu mimi.