Nilivyoanguka mtihani kwa kukimbilia mgonjwa

Kabla ya kazi hii ya ambulensi niliuza soda na salio la simu Changamwe, Mombasa, miaka mitatu. Alama zangu za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hazikufika udaktari wala uuguzi, na babangu alishakubali yaishe. Kilichonizindua ni ajali mbele ya duka. Mwendesha boda aligongwa na lori la kontena, nasi majirani, kwa nia njema kabisa, tukamkunja kama gunia tukamtia ndani ya tuktuk. Miguu inaning'inia nje, kichwa kinaruka kila tuta. Sikupata kujua aliishia wapi. Ila leo najua shingo ile haikufaa kuvutwa na watu sita, kila mtu na upande wake.

Nikaanza kuulizauliza. Wengi hudhani ambulensi ni gari na dereva, basi. Kumbe anayekaa nyuma na mgonjwa ana masomo yake, ndiye EMT, yaani mhudumu wa dharura, na hahitaji kuwa daktari kwanza. Karo nililipa kwa awamu: pesa za chama, mauzo ya duka, na bangili moja ya mamangu ambayo hadi leo sijaikomboa.

Darasani tulishinda tukikandamiza kifua cha mwanasesere: mara 30, pumzi 2, tena 30, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kizame sentimita 5 au kuzidi kidogo. Nyumbani nilijaribu kwa mto. Mto haufai, unazama tu. Nilichofaidi ni kuhesabu kwa sauti nishike mwendo, mpaka mamangu akagonga ukuta: "Mwanangu, wahesabu nini usiku kucha?"

Nadharia nilipita. Vitendo nikaanguka. Mtu amelala chini kajifanya kazimia, nami mbio nikapiga magoti kandoni mwake. Mwalimu akagonganisha viganja. "Dada, ushakufa." Waya ulikuwa umepita chini ya mguu wa yule mgonjwa na sikuuona. "Sasa tuna wagonjwa wawili, na mhudumu hatuna." Nililia chooni, sifichi. Nikarudia mtihani, na tangu siku ile hata watu wakinipigia kelele nishuke upesi, natazama kwanza: waya, petroli, magari yanayokuja, na umati una hasira na nani.

Cheti hakikuleta kazi papo hapo. Nilikaa kando ya viwanja vya mpira na sanduku la huduma ya kwanza, nikifunga vifundo vya miguu kwa posho ya nauli. Nilipoajiriwa, lililoniudhi zaidi halikuwa damu, ni lango. Hospitali moja ya binafsi bawabu alitaka amana kabla machela haijashuka. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, nikamwambia. Akanijibu Katiba haimlipi mshahara. Tulifunguliwa, lakini baada ya mabishano ambayo mgonjwa hakuwa na nafasi nayo.

Kilichonifanya nibaki ni alasiri moja ya Ramadhani, Likoni. Mzee kalala mkekani, jasho linamtiririka, macho wazi lakini hasemi. Jirani anasema upepo mbaya, mwingine keshakoroga chai tamu anataka kumnywesha. Nikaushika mkono wenye kikombe: asiyemeza, chai huingia mapafuni. Nikauliza dawa zake. Mkewe akatoa kalamu ya insulini kwenye friji. Alijidunga baada ya daku kama kawaida, na daku yenyewe ilikuwa tende mbili. Nikamchoma ncha ya kidole, kipimo cha sukari kikasoma 1.8. Chini ya 4 tayari ni shida. Mkubwa wangu wa zamu akatafuta mshipa, akaupata mara ya pili, akasukuma glukosi polepole.

Kivukoni walitupisha, tukaingia feri mbele ya foleni yote. Katikati ya maji mzee akageuza shingo, akaitazama dripu, akanitazama mimi.

"Maghribi ishaingia?"

"Bado, baba."

"Sasa hii mumenifungulisha?"

Mkewe, aliyekuwa kimya tangu Likoni, akavuta shuka akamfunika kifua. "Utailipa. Lala."