Mahali pa Kuachia

Fremu ya baiskeli nimemaliza kuisugua, na leo nimeanza kuivisha. Ni ya chuma, ya zamani, nzito kiasi. Rangi imebabuka pale cheni ilipokuwa ikipiga, lakini mabomba yamenyooka na maungio hayana ufa. Itakuwa baiskeli ya gia moja. Sina ugomvi na gia nyingi, ila midomo ya nyuma ya fremu hii, pale ekseli inapoingia, imelala, kwa hiyo gurudumu linaweza kuvutwa nyuma ili cheni ikae sawa. Fremu za namna hii hazipatikani ovyo siku hizi.

Vipuri vyenyewe havijuani. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya huku, kranki, mikono inayobeba pedali, ya kule, foko inayoshika gurudumu la mbele ndiyo pekee iliyozaliwa na fremu. Ndiyo maana nusu ya kwanza ya kazi sikushika spana kabisa, nilishika rula. Kati ya midomo miwili ya nyuma kuna milimita 126, habu yangu ni 120. Zimebaki sita, nimezijaza kwa washa za milimita tatu kila upande na gurudumu limekaa katikati. Kama habu ingekuwa ya 130 bado nisingehangaika, kwa sababu chuma hukubali kutanuliwa kiasi hicho kwa mkono. Fremu ya alumini usiijaribie mchezo huo.

Kwenye tairi ndiko watu wanakopotea. Ukisema tairi ya 28 bado hujasema kitu, maana kuna rimu ya 622 na kuna ya 635, zote zinaitwa 28. Ishirini na sita ndiyo balaa zaidi: 559, 571, 584, 590, na hakuna inayoingiliana na mwenzake. Namba ya kuamini ni ile ndogo iliyochapwa ubavuni, kama 32-622: upana wa tairi, kisha kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia, vyote kwa milimita. Zile inchi kubwa kubwa ni jina tu.

Sasa kukaza. Kukaza kila mtu anaweza, na ukimwangalia mtu anayeanza utaona anakaza kila kitu mpaka mwisho kwa raha zake. Mimi kinachonikalisha chini kwa saa nzima ni kujua pa kuachia.

Habu ya mbele nimeifungua yote. Gololi kumi kila upande, nimezifuta, nimezitazama mojamoja kwenye mwanga kama kuna iliyochimbika, nikazipanga upya kwenye grisi. Grisi inazishika zisidondoke wakati unapitisha ekseli. Kisha koni, ile nati yenye mteremko inayozibana gololi: unaizungusha kwa vidole mpaka iguse, unairudisha nyuma kidogo mno, unaizuia kwa spana nyembamba, halafu unafunga nati ya juu yake. Hapo ndipo inapokuchezea, kwa sababu nati ikikaza inaisukuma koni mbele, na ule ulegevu ulioupima unapotea. Unafungua, unaachia zaidi ya unavyotaka, unafunga tena. Nikiishika ekseli kwa ncha za vidole na kuizungusha, ikiwa imebana sana nazisikia gololi zikitembea, mkwaruzo mdogo kama mchanga. Ikiwa sawa sisikii chochote.

Na bado habu ya mbele na ya nyuma hazitaki kitu kimoja. Ya mbele inafungwa kwa wenzo wa mkono, ambao ukibana unaifinya ekseli yenyewe kidogo. Kwa hiyo mezani lazima niiache na mchezo mdogo, yaani ulegevu, unaokwisha wenzo unapofungwa. Ya nyuma inafungwa kwa nati, ekseli haifinywi, kwa hiyo mchezo unaouona mezani ndio utakaoupanda barabarani. Ile nimeiacha bila mchezo kabisa.

Baiskeli nayo ina tabia ya kujifungua yenyewe, na waliotangulia waliliona hilo. Pedali ya kushoto ina hesi, ile mizunguko ya skrubu, ya kinyume. Kikombe cha kulia cha ekseli ya kranki, kile kinachozishika gololi zake kwenye fremu, vilevile, kwenye fremu za kipimo cha Kiingereza kama hii yangu. Ukifikiri harakaharaka utaona wamekosea, kwa kuwa msuguano wa pedali ungepaswa kuifungua hesi ya namna hiyo. Lakini mzigo unaoizunguka hesi huisogeza kidogo kidogo upande wa pili, na nguvu hiyo ndiyo inayoshinda. Fremu za Kitaliano zina hesi ya kawaida pande zote mbili, na kikombe chao cha kulia kinajulikana kwa kulegea. Hilo huwa linanifurahisha, sijui kwa nini.

Cheni niliyokuwa nayo nimeikataa. Pingili 24 za cheni mpya, kutoka pini hadi pini, ni inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Yangu imepita 307. Watu husema cheni imevutika, lakini bamba zake hazijarefuka. Kilicholiwa ni pini na matundu yake, na cheni iliyofika hapo huanza kuyatafuna meno ya sproketi, yale magurudumu ya meno inayopitia. Nimeweka mpya, meno 44 mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa kranki utanisogeza mita tano na ushei, mwendo wa mtu asiye na haraka na asiyeogopa kilima kidogo.

Gurudumu la nyuma nimelivuta mpaka cheni ikabaki na mchezo wa kama sentimita moja. Kisha nikazungusha kranki taratibu, na upande mmoja ikabana. Sproketi ya mbele haikukaa katikati sawasawa. Nikalegeza bolti zake tano nusu tu, nikaigongagonga kwa mpini wa bisibisi pale palipobana, nikazungusha, nikagonga tena, mpaka tofauti ikawa ndogo, nikafunga bolti kwa kupishana. Haikuisha yote na sidhani kama huwa inaisha.

Imebaki breki ya mbele. Waya nilionao umefumuka nyuzi mbili karibu na kichwa chake, na waya wa breki siutii viraka. Kesho nitafute mwingine, na nipake grisi nguzo ya kiti kabla sijaiingiza, kwa sababu ni ya alumini na fremu ni chuma, na viwili hivyo vikikaa na unyevu bila kitu katikati huja kushikana visitoke.