Miaka ya Unga Limited wameihesabu sifuri

Jana nimepokea barua ya ofisi inayopima vyeti vya ufundi huku Ujerumani, na hasira haijanitoka. Cheti changu cha ufundi magari cha VETA Moshi, chuo cha ufundi cha serikali, wamekikubali nusu. Injini, breki, gia, sawa. Umeme wa gari na mifumo ya volti kubwa, hapana. Hapo sina ubishi. Wenzetu tangu 2003 wameunganisha ufundi magari na umeme wa magari kuwa fani moja ya miezi 42, wakati sisi fundi injini ana banda lake na fundi waya ana lake.

Kilichoniuma ni mstari wa chini: uzoefu wangu hauhesabiki kwa kuwa hauna uthibitisho wa maandishi. Sheria yao inaruhusu uzoefu wa kazi uzibe pengo la cheti, ila uwe kwenye karatasi. Mimi nimetoka gereji za Unga Limited mikono mitupu! Nani Arusha asiyejua kazi ya pale? Land Cruiser inaingia fupi, chasisi inakatwa, inaongezwa, inachomelewa, inavikwa bodi ya watalii yenye paa la kuinuka, halafu inashuka kreta ya Ngorongoro msimu mzima na wageni ndani. Kazi hiyo yote, mbele ya ofisi ile, ni hadithi tu.

Wema nimeupata kwa msimamizi wangu wa gereji. Siku moja lililetwa trekta la zamani la dizeli, linatoa moshi na kukosa nguvu, halina pa kuchomeka kompyuta. Nikafanya tulivyokuwa tukifanya kwenye injini za 1HZ, zile dizeli za Land Cruiser: iache iungurume, legeza nati ya bomba la nozeli moja inayopuliza dizeli kwenye silinda, sikiliza, kaza, nenda nyingine. Ukilegeza na mlio usibadilike, silinda mbovu ni hiyo. Mzee yule akawaita wanagenzi wote waje watazame. Jioni akaniandikia barua ya kazi, kurasa mbili, bila kuombwa. Nyumbani nilifanya kazi miaka na miaka, hakuna aliyewahi kuniandikia hata mistari miwili.

Mwanagenzi wa huku ana daftari la kazi. Anaandika alichofanya, msimamizi anasaini, na bila daftari hilo mtihani wa mwisho haufanyi. Tena analipwa: mkataba ulioanza 2025 haushuki chini ya euro 682 kwa mwezi mwaka wa kwanza, kabla ya makato. Msikimbilie kuzidisha kwa shilingi, chumba peke yake kinaweza kula zaidi ya nusu. Lakini heshima ipo. Kwetu kijana wa gereji anapewa hela ya chai, na majirani wanamwonea huruma mama yake kwamba mtoto alifeli.

Wadogo zangu wa Pasua, Majengo na Unga Limited, mnaoniuliza kila siku njia ya kuja: kabla ya kutafuta nauli, tafuteni barua. Itaje tarehe ya kuanza na kumaliza, aina za magari, na kazi yenyewe: kushusha injini, kupanga gia, kukereza, kuchomelea. Kama bosi si mtu wa kalamu, andika wewe, umsomee, asaini na apige muhuri. Uliyejifunzia mtaani bila chuo, nenda VETA wakupime kwa ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, utoke na cheti. Kijerumani anzeni huko huko. Huku ukifika hujui lugha utaishia kufagia gereji wakati mikono yako inajua kazi.

Na anayeingia VETA mwaka huu asiridhike na injini peke yake, asome na umeme wa magari. Toyota za haibridi, zinazotumia petroli na umeme, zimeshafika hadi Moshi, na zile nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti zinaua fundi ambaye hakufundishwa kukata umeme kwanza.