Kabati letu lina mrithi

Wiki hii Rehema ameanza kidato cha kwanza, barua yangu ya kuthibitishwa kazini imetoka baada ya kuzungushwa muda wote ule, na mtaa mzima tumemzika mzee wa nyumba ya kona, Mungu amrehemu. Ningekuwa na akili zangu ningeandika mojawapo ya hayo. Lakini kichwani nina Bi Mwanaidi tu, na alichoniambia Jumamosi alasiri barazani kwake.

Alikuwa anasuka ukili. Miyaa mingine ameibana midomoni, mguu mmoja kaunyoosha, kanga kaifunga kifuani kwa ajili ya joto hili la kaskazi. Mimi natoka gengeni na nazi zangu. Nikamwamkia, akaitika marahaba mwanangu kwa kupitia pembe ya mdomo, tukaulizana za kutwa, tukaulizana watoto, tukafika mahali ambapo mtu huaga akaenda zake. Ndipo akaitoa ile miyaa mdomoni na kusema, macho yapo kwenye ukili:

"Lile kabati lenu, mtakapoondoka msimpe mtu. Mtaniachia mimi."

"Haya, bibi."

"La milango mitatu lile."

"Ndilo hilohilo."

"Haya. Usije ukasahau."

Basi. Nikaingia ndani.

Haya, bibi! Yaani katika maneno yote niliyofundishwa na mama yangu, lililonijia ni hilo. Mliokuwa mnanisoma tangu tuko Mbagala, Dar, mnalijua hilo kabati. Ni la mninga, la mafundi wa Keko, nililipia kidogo kidogo mpaka fundi akawa ananiita dada. Lilikuja Tanga juu ya fuso, limefunikwa turubai, na tangu tuta moja la pale Segera mlango wa kati haujawahi kufunga sawasawa. Mtu habebi kabati la mninga kilomita 350 kwa ajili ya kupita njia. Wapita njia wananunua lile la kitambaa, la zipu.

Usiku nikamsimulia Baba Rehema. Nikamwigizia mpaka ile miyaa. "Ungemtajia bei," akasema, akageukia ukutani. Baadaye kidogo, nikidhani amelala, nikamsikia anacheka peke yake gizani: "Waja leo, waondoka leo." Na huo ndio msemo wa mji huu, upo hata kwenye mabodi ya bajaji, kwa hiyo sikuwa na pa kumshtakia.

Jumapili nzima nimekuwa naitengeneza ile Jumamosi upya. Ningemjibu, "Tunaondoka kwenda wapi, bibi?" Hapana, hilo ni la kumvunjia heshima mtu mzima. Ningesema inshallah, lakini hiyo ingekuwa kumkubalia mara mbili. Kilichofaa ni "Kwani umesikia nini?", maana huenda kweli amesikia. Hapa Ngamiani habari haihitaji miguu. Mwezi uliopita nilinunua changu wawili wakubwa badala ya dagaa wangu wa siku zote, na kabla ya magharibi mke wa mwenye nyumba akaniuliza mgeni wetu anatoka wapi. Hatukuwa na mgeni. Nilikuwa na hamu ya samaki.

Hili ndilo ninalowaambia wenzangu wa Dar wanaponiuliza kama huku kunakalika. Kunakalika. Mbagala nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kuiwahi foleni na narudi Rehema ameshalala na sare zake. Hapa natoka nyumbani saa moja na nusu, bajaji moja, nafika ofisini chai haijachemka. Rehema anaendesha baiskeli hadi shule, kitu ambacho Dar ningelazwa kwa presha nikikifikiria. Maziwa yapo, machungwa ya Muheza yapo mpaka unagawa. Kwa sensa ya 2022 Dar ina watu zaidi ya milioni 5 na jiji hili halifiki 400,000, na tofauti hiyo unaisikia hasa saa mbili usiku, mtaa umenyamaza na wewe bado una mwendo wa Dar mwilini, huna pa kuupeleka. Daktari bingwa ukimhitaji wa aina fulani utaambiwa upande basi. Kazi ukiipoteza, ya pili haipo barabara ya nyuma. Na samaki wako wanajulikana.

Jumatatu nikafanya utafiti wangu wa kienyeji. Dereva wa bajaji, kijana wa Makorora, akasema yeye kesho akipata nauli na pa kufikia anakwenda Dar, "huku hela haizunguki, dada, inakaa kwa watu walewale." Mwenye duka la mtaani kwetu, ambaye amekaa Kariakoo miaka na miaka, akasema harudi hata kwa dawa: Dar alikuwa anauza zaidi na analala kidogo, na sasa kisukari chake kimetulia. Pale ofisini dada wa mapokezi, mwenyeji wa Pongwe, hakunizungusha. "Nyie mnaokuja na kazi tunawapenda," akasema, "lakini tukishawazoea mnahamishwa. Mimi rafiki zangu watatu wa kweli wako mikoa mitatu." Kisha akaendelea kupiga mihuri.

Huwezi kubishana naye. Ofisi yenyewe inakula kwa bandari. Zamani meli kubwa zilitia nanga huko nje na mzigo ukaletwa kwa matishari; sasa kina kimechimbwa hadi mita 13, meli inafunga gatini, na ndiyo sababu wakaajiri watu, nami nikiwamo. Baba Rehema yuko Chongoleani kwenye umeme wa matangi, linakoishia bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Kazi ya ujenzi ina siku yake ya kwisha, na mkataba wake umeandikwa hivyo. Mji huu umeshaona watu wakija na kazi na wakiondoka na kazi. Wazee wa hapa bado wanaihadithia Tanga ya mkonge, miaka ile ya mwanzo wa 1960 ambapo Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, kabla kamba za nailoni hazijaingia. Na sisi wenyewe, tuseme ukweli, tuna ule msingi wa nyumba kule Chanika, Dar, ambao kila Desemba tunakwenda kuung'olea majani. Bi Mwanaidi hajui habari za Chanika. Au anajua. Nani amemwambia?

Mpaka Jumatano nilikuwa nimeanza kupita kwa barabara ya nyuma ili nisimkute barazani. Mwanamke wa miaka arobaini na ushee, naruka matope ya watu kwa sababu ya kabati.

Alhamisi umeme ukakatika mapema na nilikuwa na bakuli lake, lile alilotuletea mbaazi za nazi siku ya msiba. Bakuli la mtu halirudi tupu, nikatia vitumbua, nikaenda. Barazani hayupo. Akaitikia kutoka ndani, "Pita huku, mwanangu, niko chumbani." Muda wote tuliokaa hapa sikuwahi kuvuka sebule yake.

Nikamkuta na taa ya chemli, anapekua unga. Unga wenyewe upo ndani ya jokofu. Jokofu zima, refu, jeupe, limejaa unga, mchele, na choroko kwenye makopo. "Limekufa zamani," akasema, "lakini panya haingii." Lilikuwa la mhandisi mmoja wa barabara, watu wa Bukoba, mkewe alijifungua mapacha hapahapa, sasa mmoja yuko chuo. Meza niliyowekea bakuli ni ya mwalimu aliyehamia Singida, binti yake mkubwa ameolewa mwaka jana na kadi ya mwaliko ile pale, imechomekwa kwenye kioo. Kioo ni cha mke wa askari. Feni ni ya kijana wa benki, "yule mlevi, lakini alikuwa ananichotea maji." Ananionyesha kwa kidole, na kila kitu kina mtu na watu wake na magonjwa yao, na wengine amewasikia wiki hii kwa kile kitochi chake. Mwalimu wa Singida amefanyiwa upasuaji wa jicho. Mlevi ameacha.

Nikauliza, "Wote hawa waliishi nyumba yetu?"

"Wote. Ile nyumba ni ya kazi. Wa kabla ya mwalimu ndio hawakuniachia kitu, waliondoka usiku." Akakunja mdomo. Hao hakunitajia majina.

Halafu nikaiona nafasi. Kati ya kitanda na dirisha, ukuta mtupu, sakafu imefagiwa, hakuna hata ndoo. Chumba kile kimebanana kiasi kwamba tulikuwa tunapishana kwa ubavu, na pale pameachwa pana, pazuri, pa milango mitatu.

Nikacheka. Sikukusudia, ilinitoka tu, na yeye akacheka pia, meno yake mawili ya mbele hayapo, tukacheka gizani pale mpaka mjukuu wake akaja kuchungulia. Bi Mwanaidi ana miaka sabini na kitu. Mimi ni mdogo kwake kwa umri wa mtu mzima, na yeye ndiye anayejiandaa kunirithi! Nikamwambia mlango wa kati haufungi. "Fundi yupo," akasema. Nikamwambia kulibeba ni kazi kubwa, lina uzito wa watu sita. "Vijana wapo." Kisha akapanda kitandani kwa magoti, akaanza kuupima ukuta kwa shibiri, akihesabu kwa sauti, akaniambia nikifika kwangu nilipime kwenda juu, maana dari yake hii ni fupi.

Nikarudi. Baba Rehema alikuwa uani na redio ndogo. Nikachukua rula ya Rehema ya hesabu, ile mpya, nikapanda kwenye stuli na tochi ya simu mdomoni, nikapima kabati langu mwenyewe kwa ajili ya mtu mwingine. Nikalinganisha na shibiri zake, nikapima tena kwa mkono wangu, nikafidia kwa kuwa vidole vyake ni vifupi.

Halitaingia. Linazidi dari yake kwa kama kiganja. Labda likatwe miguu, na mninga wa Keko haukatwi miguu mimi nikiwa hai. Jana nimepita barazani, mbele kabisa, nikamwamkia. Akaniuliza kama nimepima. Nimemwambia bado, rula ya mtoto iko shule.

Mengine: ndugu yangu Hamadi ameandika tena usiku. Safari hii hataki hela. Anataka nimpigie picha kitambulisho changu cha NIDA, mbele na nyuma, na nimtumie leo kabla ya saa nne. Nimemuuliza cha nini, amesoma, hajajibu. Mama naye hapokei simu. Mnaomjua Hamadi na yale mambo yake ya mikopo ya simu mnaelewa kwa nini niko macho saa hizi. Sijatuma. Ni saa tatu na dakika ishirini.